Miaka 64 Bungeni! Rekodi za Vinara wa Mabunge ya Majimbo Marekani

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake, sheria zake na bunge lake. Ukiwakusanya wabunge wote wa majimbo hayo unapata watu zaidi ya 7,300. Wajaze kwenye Bunge letu la Dodoma, ambalo baada ya uchaguzi wa 2020 lilikuwa na nafasi 393: litajaa mara kumi na nane, na bado wengine watabaki mlangoni. Magazeti ya dunia huwaandika wale wa Washington, lakini hawa wa majimboni ndio wanaoamua fedha za shule, adhabu za mahakama na hata mahali unaporuhusiwa kuwasha sigara. Na kati yao wamo watu waliokalia viti vyao kwa muda unaotisha. Hakuna aliyeteuliwa kwa maisha. Kila baada ya miaka miwili au minne walirudi kwa wapiga kura wale wale kuomba tena, na ndiyo maana rekodi hizi zina uzito.

1. Aliyedumu kuliko wote: Fred Risser, miaka 64

Huyu ndiye bingwa, na hakuna aliyemfikia. Fred Risser wa Wisconsin alichaguliwa kuingia bunge la jimbo lake Novemba 1956, akaapishwa Januari 1957, na akatoka Januari 2021. Miaka 64! Hakuna mtunga sheria mwingine katika historia yote ya Marekani, wa jimbo wala wa taifa, aliyefika hapo. John Dingell wa Michigan, anayeshika rekodi ya Bunge la Washington, aliishia miaka 59.

Pima kwa saa ya kwetu. Risser alipoapishwa, TANU ilikuwa haijatimiza miaka mitatu, na Tanganyika nzima ilikuwa na watu chini ya milioni 9. Ghana ilikuwa bado koloni kwa miezi miwili zaidi. Nchini Kenya, uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria, ule uliowapitisha Tom Mboya na Oginga Odinga, ulikuwa haujafanyika. Ulikuja Machi mwaka huo huo. Alipofunga mafaili yake na kuondoka, Tanzania ilikuwa imeshapata marais watano na idadi ya watu inakaribia milioni 60. Daniel arap Moi, ambaye sisi wa Afrika Mashariki tunamhesabu kuwa gwiji wa kudumu, aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1955 na kuondoka madarakani mwishoni mwa 2002. Hiyo ni miaka 47. Risser anampita kwa miaka 17.

Kwao Wisconsin alifanya kazi chini ya magavana 13, na Ikulu ya Washington ilibadilisha wapangaji mbele ya macho yake kuanzia Eisenhower hadi Trump, marais 12. Alikaa kwanza katika baraza la chini, na mwaka 1962 akahamia Seneti ya jimbo, ambako alikuwa Rais wa Seneti kwa vipindi kadhaa. Eneo lake lilikuwa Madison, mji mkuu wa jimbo na mji wa chuo kikuu. Wisconsin ina maseneta 33 kwa watu milioni 5.9, kwa hiyo kila seneta anabeba watu wapatao 178,600. Ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa mpaka kiti cha mwisho, utoe watu, ujaze tena, halafu ujaze mara ya tatu. Hao ndio wapiga kura na watoto wao ambao Risser alilazimika kuwarudia kila uchaguzi, na walimrudisha zaidi ya mara 15.

Kuna rekodi nyingine ndani ya rekodi. Alizaliwa Mei 1927, akaingia jeshi la wanamaji mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na ndiye aliyekuwa mkongwe wa mwisho wa vita hivyo kukaa katika bunge lolote la jimbo Marekani. Aliondoka akiwa na miaka 93. Mjini Madison watu walimfahamu pia kama mpanda baiskeli wa siku nyingi, na moja ya sheria alizozipigania hadi uzeeni ni ile iliyosainiwa 2009 na kuanza kazi Julai 2010, iliyofukuza moshi wa sigara kwenye sehemu za kazi, baa na migahawa ya jimbo zima. Mhudumu wa baa aliyekuwa anarudi nyumbani usiku nguo zinanuka tumbaku aliujua uzito wa sheria hiyo kuliko profesa yeyote.

2. Ukoo wenye mizizi mirefu: vizazi vinne, vyama vinne

Hatuhami nyumbani kwa Risser. Baba yake alikuwa seneta wa Wisconsin. Babu yake mzaa mama alikuwa mbunge wa Wisconsin. Baba wa babu huyo, Clement Warner, kanali aliyepoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe miaka ya 1860, naye alikuwa mbunge wa Wisconsin. Wote wanne walitoka kaunti moja, ile ya Madison.

Na kila mmoja alisimama na chama chake! Kanali alikuwa wa chama cha Muungano, mtoto wake Mrepublican, baba yake Fred alikuwa wa chama cha Maendeleo kilichokuwa na nguvu Wisconsin miaka ya 1930, na Fred mwenyewe Mdemokrati. Familia nyingi zenye siasa hurithishana kadi ya chama. Hawa walirithishana kazi, kadi kila mtu alitafuta yake.

3. Mtoro mkongwe: miaka 83, mpaka jimbo la jirani

Februari 2011 Gavana Scott Walker wa Wisconsin alipeleka muswada wa kuvunja nguvu za vyama vya wafanyakazi wa umma. Warepublican walikuwa na maseneta 19 kati ya 33. Kwa miswada ya fedha akidi ilikuwa 20. Walipungukiwa na mtu mmoja tu.

Maseneta wote 14 wa Democratic wakaliona hilo, wakaingia kwenye magari na kuvuka mpaka hadi Illinois, ambako polisi wa Wisconsin hawakuwa na mamlaka ya kuwarudisha. Wengi walijikusanya kwanza Rockford, mwendo wa kilomita kama 110 kutoka Madison, sawa na kutoka Dar es Salaam hadi Chalinze. Risser alikuwa mmoja wao, akiwa na miaka 83, umri ambao wazee wengi hata safari ya kwenda kliniki huomba kusindikizwa. Walikaa huko zaidi ya wiki tatu huku maelfu ya waandamanaji wakilijaza jengo la bunge mchana na usiku. Machi 9 Warepublican waliyatoa mambo ya fedha kwenye muswada, akidi ya 20 ikawa haihitajiki, ukapita. Watoro walishindwa, lakini utoro wa babu wa miaka 83 si wa kila siku.

4. Spika aliyekalia kiti muda mrefu kuliko wote: Michael Madigan, miaka 36

Illinois hiyo hiyo iliyowahifadhi watoro ilikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Michael Madigan wa Chicago aliingia bungeni 1971 na kuwa Spika 1983. Alikipoteza kiti 1995, akakirudia 1997, akakikalia hadi Januari 2021. Jumla miaka 36, hakuna kiongozi wa bunge lolote la jimbo Marekani aliyewahi kufika hapo.

Msomaji wa Tanzania anayeikumbuka historia ataona kitu hapa. Adam Sapi Mkwawa alikuwa Spika wetu kuanzia 1962 hadi 1973, akakaa pembeni miaka miwili, akarudi 1975 hadi 1994. Mwanya ule ule wa miaka miwili katikati! Ukijumlisha, Sapi Mkwawa ana miaka kama 29. Madigan anamzidi kwa saba.

Lakini rekodi hii imechafuka, na naiandika kwa masikitiko. Februari 2025 baraza la wazee wa mahakama lilimtia Madigan hatiani kwa makosa ya rushwa, na Juni akahukumiwa kifungo cha miaka 7 na nusu pamoja na faini ya dola milioni 2.5. Kiti kile kile kilichompa rekodi ndicho alichokitumia vibaya. Anayetafuta kiongozi wa bunge wa kumwonyesha mtoto wake amtazame Mike Miller wa Maryland, aliyeongoza Seneti ya jimbo lake miaka 33, kuanzia 1987 hadi 2020, na kukiachia kiti mwenyewe saratani ilipomzidi.

5. Kivuko chenye jina la mbunge wa jimbo: tani za chuma za Seneta Marchi

Januari 1957, mwezi ule ule Risser alipoapa Wisconsin, John Marchi alikuwa anaapa New York. Alikiwakilisha kisiwa cha Staten Island katika Seneti ya jimbo kwa miaka 50 kamili, hadi mwisho wa 2006. Kwa miaka anashindwa na Risser. Kwa kumbukumbu anamwacha mbali, kwa sababu meli ilipewa jina lake.

Kivuko kinachoitwa Seneta John J. Marchi kilianza kazi 2005 na kina uwezo wa kubeba abiria zaidi ya 4,400 kwa safari moja. Mkazi wa Kigamboni, pima mwenyewe: MV Magogoni yetu ina uwezo wa kubeba watu 2,000. Jaza Magogoni mbili, bado Marchi ana nafasi. Huvuka kilomita zaidi ya 8 za maji kwa dakika kama 25, kutoka kisiwani hadi ncha ya Manhattan, na nauli ni bure. Ni sanamu chache zinazoonwa na watu wengi hivyo kila asubuhi. Mzee Marchi alikuwa bado hai na bado seneta kilipoanza kuvusha majirani zake, heshima ambayo viongozi wengi huipata wakiwa kaburini.

6. Mbishi mkuu: Ernie Chambers, kinyozi wa Omaha, miaka 46

Sasa tuingie Nebraska, na hapa sitakwenda haraka.

Nebraska ndilo jimbo pekee Marekani lenye bunge la chumba kimoja, na ndilo bunge dogo kuliko yote: watu 49 tu. Idadi ya wakazi ni milioni 1.96, karibu sawa na Zanzibar yenye milioni 1.89, na Zanzibar ina majimbo 50 ya uchaguzi. Wanatoshana nguvu! Mshahara wa mbunge wa Nebraska ni dola 12,000 kwa mwaka, kiwango ambacho hakijapanda tangu 1988.

Katika bunge hilo dogo, la jimbo ambalo wengi wa wakazi wake ni Wazungu, aliingia mwaka 1971 kinyozi mweusi kutoka Omaha Kaskazini. Chambers alikuwa ameshajulikana kwa filamu ya mwaka 1966 iliyomwonyesha akiwa kazini kwenye duka la kinyozi, mteja kiti cha mbele, huku akimweleza mchungaji mzungu bila kupepesa macho ubaguzi unavyoonekana kutoka upande wa anayebaguliwa. Bungeni hakuvaa suti. Alikuja na fulana na jinzi, wenzake wamefunga tai, na akajifunza kanuni za bunge mpaka wanasheria wakawa wanamwogopa.

Mwaka 1980 alisukuma hoja iliyoifanya Nebraska kuwa jimbo la kwanza Marekani kuazimia kutoa fedha zake kwenye makampuni yanayofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu. Watu wa Morogoro wanajua mwaka huo ulikuwaje: Mazimbu palikuwa panajengwa chuo cha ANC kwa ajili ya vijana waliokimbia Soweto. Msaada ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeutarajia, kwenye mashamba ya mahindi, kwa mkono wa kinyozi.

Rekodi yake ya ung'ang'anizi ni adhabu ya kifo. Zaidi ya mara 35 alipeleka muswada wa kuifuta. Mwaka 2015 ulipita, gavana akaukataa kwa kura ya turufu, na bunge likahitaji kura 30 kumshinda gavana. Zilipatikana 30 barabara, hata moja haikuzidi! Mwaka uliofuata wapiga kura wa jimbo waliirudisha adhabu hiyo kwenye kura ya maoni, lakini ile siku ya kura 30 haifutiki.

Walijaribu kumwondoa. Mwaka 2000 wapiga kura wa Nebraska walipitisha ukomo wa vipindi viwili mfululizo, na wengi hawakuficha kwamba aliyelengwa ni yeye. Akatoka 2009, akasubiri miaka minne, akagombea tena, akashinda, akarudi 2013 na kumaliza vipindi viwili vingine hadi 2021. Miaka 38 jumlisha 8 ni 46, na katika historia ya jimbo lake hakuna aliyefika huko.

7. Hotuba ndefu kuliko zote: Bill Meier, saa 43

Texas ina kanuni ngumu kuliko za Washington. Seneta anayetaka kuuzuia muswada kwa kuongea lazima asimame muda wote. Haruhusiwi kukaa, kuegemea meza wala kula, na haruhusiwi kutoka nje ya mada. Mei 1977 Seneta Bill Meier alisimama kupinga muswada uliogusa haki ya wananchi kuona kumbukumbu za ajali za kazini. Aliongea saa 43.

Treni yetu ya SGR hutoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa saa tatu na nusu hivi. Meier angeweza kuanza kuongea treni inang'oa nanga, ikaenda Dodoma na kurudi mara sita nzima, na ilipomaliza alikuwa bado ana saa moja ya maneno! Na choo? Alivaa mfuko kama wa wanaanga ndani ya suruali. Aprili 2025 Seneta Cory Booker alisifiwa dunia nzima kwa kuvunja rekodi ya Seneti ya Washington kwa saa 25 na dakika 5. Meier alikuwa ameshampita kwa karibu saa 18, miaka 48 kabla.

Mwaka 2013 Wendy Davis alisimama katika Seneti hiyo hiyo ya Texas, miguuni amevaa raba za rangi ya waridi. Alifika kama saa 11, akazuiwa kwa kukiuka kanuni, na moja ya makosa aliyohesabiwa ni kusaidiwa na mwenzake kufunga mkanda wa kuushikilia mgongo. Ukisoma hilo ndipo unaelewa saa 43 zina maana gani.

8. Wengi zaidi, na wanaolipwa kidogo mno: New Hampshire

Watu milioni 1.38, pungufu ya Zanzibar. Wabunge 424: wawakilishi 400 na maseneta 24. Jimbo dogo hivyo lina watunga sheria wengi kuliko Bunge la Tanzania lenye nchi nzima nyuma yake. Wapakie kwenye mabasi ya abiria 60: mabasi saba yatajaa na wanne watasimama.

Kila mwakilishi ana watu kama 3,440. Tungeiga kipimo hicho kwa watu wetu milioni 61.7 wa sensa ya 2022, Dodoma ingehitaji ukumbi wa wabunge karibu 18,000. Mshahara ni dola 100 kwa mwaka, haujabadilika tangu 1889, yaani kama nusu milioni ya shilingi kwa kipindi chote cha miaka miwili, na nauli juu. Na ukumbi wanaoutumia wamekuwa wakiutumia tangu 1819.

Kinyume chake ni California: maseneta 40 kwa watu milioni 39.5. Kila mmoja ana watu 988,000, Uwanja wa Mkapa kumi na sita na zaidi.

9. Anguko kubwa zaidi: miaka 44 kwa kura za maoni

Phyllis Kahn aliingia bunge la Minnesota 1973 na mwaka 1975 akawa mama wa sheria ya kwanza Marekani ya jimbo zima kudhibiti moshi wa sigara ndani ya majengo, miaka 35 kabla ya ile ya Wisconsin kuanza kazi. Agosti 2016, katika kura za maoni za chama chake mjini Minneapolis, aliangushwa. Aliyemwangusha alikuwa Ilhan Omar, mzaliwa wa Somalia aliyeishi miaka minne ya utoto wake kama mkimbizi nchini Kenya. Omar akawa Msomali wa kwanza kuchaguliwa katika bunge la jimbo Marekani. Novemba 2024 bunge hilo hilo likampata Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya wa kwanza kuchaguliwa Minnesota. Zamani za Kahn nani angekisia?

10. Mdogo kuliko wengi: Saira Blair, miaka 18

West Virginia, 2014. Alishinda kura za maoni akiwa na miaka 17, dhidi ya mbunge aliyekuwa kitini, na uchaguzi wenyewe akiwa na 18, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Katiba yetu inataka 21. Kati yake siku ya kuchaguliwa na Risser siku ya kuondoka kuna tofauti ya miaka 75.

11. Anayemfukuzia bingwa: Tom Craddick

Craddick wa Midland, mji wa mafuta Texas, aliingia bunge la jimbo Januari 1969, kabla binadamu hajakanyaga mwezini. Hakuna mwingine Texas aliyekaa hivyo, ingawa Senfronia Thompson wa Houston, aliyeingia 1973, anamfuata kwa karibu na ndiye mwanamke aliyedumu kuliko wote katika bunge hilo. Craddick naye ana subira: muswada wake wa kukataza kuandika ujumbe wa simu ukiendesha gari ulipigwa turufu na gavana mwaka 2011, ukakwama 2013 na 2015, ukawa sheria 2017.

Ili amfikie Risser, Craddick anatakiwa abaki kitini hadi Januari 2033. Atakuwa na miaka 89, minne pungufu ya aliyokuwa nayo Risser siku aliyoondoka.